Barua kwa Mwanaidi

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Barua yako kutoka Bagamoyo nimeipata, na nimecheka uliposema pointi zote za mafunzo ya kujiendeleza za mwaka huu umezikusanya kwa simu, umejilaza kitandani. Sikulaumu. Baraza la Uuguzi na Ukunga linataka uoneshe umejiendeleza ndipo uhuishe leseni, na zamu zako nazijua. Ila lile somo la vitu vyenye ncha kali ulilolipita mbiombio, hebu nikurudishe.

Hapa wodini tumeacha kungoja semina. Semina huitwa mkubwa, akarudi na begi na cheti, sisi tukaoneshwa begi. Sasa tukikabidhiana zamu tunachota dakika chache, mmoja anafundisha jambo moja. Na tumewaita wahudumu wa usafi. Wapo waliobisha, eti hao si wanataaluma. Mimi nasema wao ndio wa kuanza nao: sisi sindano tunaiona mkononi, wao wanaikuta ndani ya mfuko wa taka wakiwa wameshaubeba. Mmoja alitwambia kuchomwa amechomwa, ila hakujua aende kwa nani, basi akajipaka spiriti akaendelea kudeki.

Nikamweleza, nawe mweleze wa kwenu: aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue kidonda wala asitie jiki, atoe taarifa papo hapo, apimwe. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na zinamezwa siku 28. Watu wengi wanaishia katikati kwa kichefuchefu.

Halafu kuna hili linaloniudhi. Wote tunaogopa VVU, wakati sindano yenye damu ya mwenye VVU huambukiza watu kama 3 katika 1,000 waliochomwa. Ya mwenye homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika 30 katika 100! Na hii ndiyo yenye chanjo. Dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Uliza wenzako uone, ya pili wamepata, ya tatu “nilikuwa likizo.”

Kuhusu kurudishia sindano kifuniko sitakuhubiria, unajua ni mwiko. Sefti boksi, lile la kutupia sindano zilizotumika, likijaa robo tatu lifungwe, basi. Na mgongo wako pia, acha kunyanyua wagonjwa peke yako kama gunia la mkonge.

Jambo jingine ni karatasi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahusu ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na anayeuchangia ni mwajiri, mshahara wako haukatwi. Lakini ukiugua baadaye bila taarifa iliyoandikwa, utathibitishaje kwamba ulichomwa kazini? Kwa hiyo hata kama mkubwa wako anakunja uso kila akiona fomu ya ajali, ijaze, ubaki na nakala.

Sasa nijibu mawili tu: dozi ya tatu ulichoma? Na yule binti anayewafanyia usafi hapo zahanati, kachanjwa? Ukisema hukumbuki nitampigia mamako simu.

Msalimie sana, na watoto.

Wako,
Mwanakombo