Mwenye pumu ya ngozi apakwe mafuta kabla mwili haujakauka

Mhariri,

Hapa Kigoma mafuta si haba, lakini watoto wenye pumu ya ngozi bado wanajikuna hadi damu. Wengi wanapakwa ngozi ikiwa imeshakauka. Mafuta hayana maji. Kazi yake ni kuyafungia yale yaliyomo kwenye ngozi. Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10, mkaushe kwa kumgusagusa na khanga laini, kisha mpake ndani ya dakika 3, mwili ukiwa bado na unyevunyevu. Ukisema umalize kwanza kufua, umechelewa. Fuata vinyweleo vinakolalia. Ukisugua kinyume, vitundu huziba na vipele vya usaha hutokea. Rudia mara 2 kwa siku, na kiangazi hata mara 3.

Alizeti ya kawaida ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa ina asidi nyingi ya linoleiki, ambayo ngozi huijengea ukuta wake. Nazi isiyounguzwa pia inafaa. Zeituni inasifiwa mno na bei yake ni kubwa, ila asidi yake ya oleiki huulegeza ukuta huohuo. Mawese nayo yana oleiki nyingi, tena yanatia shuka rangi, yabaki jikoni. Karanga usimpake mtoto mwenye ngozi iliyopasuka, isije ikamwanzishia mzio. Mwarobaini huwasha, na mtoto mdogo akimeza mafuta yake anaweza kupata degedege. Yaliyochacha tupa. Mafuta mapya yajaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa siku 2.

Sabuni ya mche ni kali kwa ngozi hii. Itumike kwapani na makalioni tu, kwingine maji yatosha.

Kwa soriasisi, yaani ugonjwa wa ngozi unaoota magamba, mafuta hulainisha magamba hayo lakini hayazimi ugonjwa. Kichwani paka nazi ya uvuguvugu, iache saa 1 au usiku kucha, kisha chana taratibu. Usibandue gamba kwa kucha: kidonda kipya huweza kuotesha gamba jipya palepale. (Na tafadhali, tusiwatenge wagonjwa hawa, soriasisi haiambukizi.) Mwenye krimu ya daktari asiiache. Aipishanishe na mafuta kwa dakika 30 hivi.

Ngozi ikitoa majimaji, ikiweka ukoko wa njano, au yakitokea malengelenge na homa, mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyohiyo. Na kama nyumba nzima inawashwa usiku, hasa katikati ya vidole, huenda huo ni upele wa vijidudu vinavyojichimbia ngozini, na mafuta hayautibu.

Jambo moja zaidi, ambalo watu hawaambiwi: nguo na shuka zilizolowa mafuta hushika moto upesi. Aliyepakwa asikae karibu na jiko la mkaa wala koroboi, na shuka zake zifuliwe mara kwa mara kwa maji ya moto.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma