Bei halisi ya uniti ya umeme

Ndugu Mhariri,

Wapangaji wengi hapa Dodoma hugawanya fedha yote waliyolipa kwa uniti zilizoingia, kisha wanasema hiyo ndiyo bei ya umeme. Hesabu hiyo inazua ugomvi usio wa lazima katika nyumba zenye LUKU (mita ya kulipia kabla) moja.

Soma risiti. Toa kwanza kodi ya jengo, Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na deni kama lipo. Kinachobaki ndicho cha kugawanya. Kwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, uniti ni Sh292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, unapata Sh356. Sh10,000 huleta uniti 28, ila kodi ikikatwa zinakuja kama 23.9, na anayegawanya kijuujuu anaona uniti ni Sh419. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mpangaji aliyekatwa ana haki ya kuidai kwenye pango.

D1, daraja la nyumba zenye matumizi madogo, inahitaji umakini zaidi. Uniti 75 za kwanza za mwezi ni Sh122 kila moja pamoja na tozo, jumla Sh9,150. Kuanzia ya 76, kila moja ni Sh427. Nyumba inayotumia uniti 90 italipa Sh15,555, wastani Sh173. Lakini jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima baada ya uniti ya 75, limekula uniti moja, yaani Sh427. Basi mita ndogo za vyumba zisomwe tarehe moja, na kila chumba kitozwe wastani wa mwezi mzima, siyo bei ya manunuzi ya mwisho.

Fundi umeme,
Dodoma