Risala ya klabu yetu ya mazingira: hirola na nyasi zake

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum. Karibu sana Garissa, na pole kwa vumbi la njiani.

Mheshimiwa, hirola ni swala wa huku kwetu na upande wa Somalia, ukitoa wale wachache walipelekwa Tsavo Mashariki hamna kwingine porini utampata. Enzi za babu zetu walikuwa maelfu, saa hii wote hawafiki 500. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ya miaka ya 80 iliwaua wengi, na majangili nao wakaua ndovu, na ndovu ndio walikuwa wanaangusha miti, basi vichaka vikafunga uwanda wote, nyasi zikapungua, na hirola ni mnyama wa nyasi, ndani ya kichaka hata adui akija hamwoni. Mwaka wa 2012 wazee wa Ishaqbini, hifadhi ya jamii huku kwetu, walikubali sehemu ya ardhi yao izungushiwe ua, wakaingizwa hirola 48, na wakazaana. Hiyo ndiyo ilitupa moyo.

Mwaka jana kuna wageni walitupandia miche hapo getini, picha zikapigwa, hakuna aliyeuliza likizo nani atamwagilia, yote ikakauka. Ilituuma sana. Kwa hivyo safari hii hatuhesabu tulichopanda, tunahesabu kilicho hai. Kabla ya mvua za vuli tunataka tumalize mathenge yote, ule mti wa kigeni wa miiba, nyuma ya bweni, na si kukata juu juu, lazima uchimbe mpaka chini ya shina maana ikibaki kisiki inachipuka tena, na maganda tunayachoma kwa sababu mbuzi akiyala mbegu zinatoka mzima na kinyesi zinaota kwingine. Hapo tutamwaga mbegu za nyasi zetu za asili, mbuzi wasiingie, na pembeni tuweke migunga 40 na miswaki 40, kila mwanachama na mche wake. Mswaki kila mtu hapa anautafuna asubuhi lakini ni nani amewahi kuupanda?

Mheshimiwa, tunaomba tangi la maji la lita 5,000, majembe 20 na glavu ngumu, maana miiba ya mathenge inaingia mpaka kwa mfupa. Na tunaomba sana urudi Februari, mvua ikishapita, uhesabu na sisi mche mmoja mmoja.

Ni sisi wanachama wa klabu ya mazingira.