Hema la kupimia VVU lisitoe siri ya mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie huduma mkoba, yaani zinazowafuata watu walipo, za upimaji wa Virusi vya UKIMWI (VVU) hapa Tanzania, hasa mahema yanayofungwa minadani na stendi.

Huduma yenyewe naiunga mkono. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kwamba asilimia 82.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU walikuwa wanajua hali zao, na miongoni mwa hao, zaidi ya asilimia 97 walikuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi. Kumbe akishajua, mtu anatibiwa. Pengo kubwa liko kwa asiyejua, na wanaume wamo kwa wingi, kwa kuwa mwanamke hupimwa kliniki akiwa mjamzito ilhali mumewe huchukulia majibu ya mkewe kuwa ndiyo yake, jambo ambalo si kweli hata kidogo.

Shida ni kwamba hema hilo hutoa siri bila mtu yeyote kufumbua mdomo. Asiyekutwa na maambukizi hutoka mapema, lakini ambaye kipimo cha kwanza kimeonyesha maambukizi hulazimika kusubiri kipimo kingine cha kuthibitisha, apewe ushauri nasaha kwa utulivu, kisha aelekezwe kituo cha tiba na matunzo. Waliokaa kwenye benchi nje wanahesabu dakika. Nimewasikia vijana wakinong'onezana, "Huyu mbona kaganda humo?", na aliyekuwa anafuata kwenye foleni akainuka kana kwamba ameitwa, asirudi tena.

Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu, lakini inawabana watoa huduma, haiwabani wanaokodoa macho mlangoni. Dawa ya tatizo hili haina gharama kubwa. Hema likipima pia shinikizo la damu na sukari, kila anayeingia atakawia, na kukawia hakutakuwa na tafsiri. Mlango wa kutokea uwe upande wa pili, benchi lisogezwe mbali, na mshauri anayemsindikiza mteja hadi zahanati asivae fulana ya kampeni, maana fulana hiyo husomeka toka ng'ambo ya barabara. Asiyetaka kabisa kuingia hemani apewe kitepe cha kujipima mwenyewe, kwani marekebisho ya sheria hiyo yaliyofanywa mwaka 2019 yanaruhusu, ila aelezwe bayana kwamba kikionyesha maambukizi ni lazima akathibitishe kituoni.

Waratibu wa UKIMWI wa halmashauri hupokea taarifa za idadi ya waliopimwa kila kampeni. Nawaomba wadai pia idadi ya walioacha foleni, na kabla ya kusaini taarifa hiyo wakaketi wenyewe kwenye benchi la nje kwa saa moja, bila vitambulisho shingoni.

Msomaji wako,
Dodoma