Java Mbili Kwenye Ubuntu Moja: Ipi Inaitika?

Kijana mmoja alikuja dukani jioni, tumeshaanza kukusanya nyaya, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtu anayewahisha mtoto zahanati.

"Shikamoo fundi. Java imegoma. Nimeiweka mara nne. Mwenzangu kaniambia nipige Ubuntu upya, ila projekti nawasilisha keshokutwa."

"Marahaba. Usipige kitu. Fungua terminali tuiulize yenyewe."

Tukaandika amri mbili:

java -version
javac -version

Ya kwanza ikajibu 17. Ya pili ikajibu 21. Kijana alikuwa anaangalia ile ya kwanza tu, kila mara anaona "17", anaridhika, halafu programu yake inakataa kuwaka. Mwongozo mmoja ulimwambia aweke 21, mwingine ukamwambia aweke 17, naye akatii yote. Java haikuwa imegoma hata kidogo. Zilikuwepo mbili, na kila moja inaitika kwa zamu yake.

Kwa mteja ambaye ndiyo anaanza: javac ndiyo inayochukua ulichoandika na kukigeuza kuwa faili la .class. Java ndiyo inayolisoma faili hilo na kuliendesha. Zote mbili zinakuja ndani ya JDK, kifurushi cha kutengenezea programu za Java. Sasa kama aliyeandika ni wa 21 na anayesoma ni wa 17, msomaji atakutana na mambo asiyoyajua, na atakwambia hivi:

UnsupportedClassVersionError ... class file version 65.0 ... up to 61.0

Watu wengi wakiona mstari huo wanafunga dirisha. Usifunge, maana jibu limo humohumo. Chukua kila namba utoe 44. 65 toa 44 ni 21, yaani faili limetengenezwa na Java 21. 61 toa 44 ni 17, yaani anayeliendesha ni Java 17. Ukiona 52 ujue ni Java 8, ukiona 55 ni Java 11. Hapa dukani hesabu hii tumeibandika ukutani, juu ya soketi, na imetuokolea muda kuliko kifaa chochote tulichonunua mwaka huu.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Kwenye Ubuntu wanakaa, hata watatu, bila kupigana. Folda zao ziko jirani ndani ya /usr/lib/jvm. Unapoandika java, mashine haiendi moja kwa moja kwenye folda hizo. Inapitia kiungo kilichopo /usr/bin/java, nacho kinaelekeza kwenye kiungo kingine ndani ya /etc/alternatives, nacho ndicho kinachojua fahali gani ameitwa leo. Usipochagua, mfumo unachukua toleo la juu zaidi. Ukichagua kwa mkono, unabaki na chaguo lako. Na hapa ndipo alipojikwaa kijana wetu: alichagua kwa mkono java pekee, javac akaisahau, ikabaki kwa ile ya juu. Ni viungo viwili tofauti, kugeuza kimoja hakugeuzi kingine.

Dawa ni kugeuza vyote kwa pamoja. Kwanza ona ulizonazo:

update-java-alternatives --list

Halafu chagua jina kama lilivyoandikwa kwenye orodha, kwa mfano:

sudo update-java-alternatives --set java-1.17.0-openjdk-amd64

Tukauliza tena java na javac, zote zikajibu 17. Tukakompaili upya, yaani tukaipa javac kazi igeuze tena (hili usilisahau, maana faili la zamani la .class bado ni la 21), projekti ikawaka. Dakika nane, na tatu kati ya hizo alikuwa anatafuta folda aliyohifadhia kazi yake.

Tumeamua kuandika haya kwa sababu kesi za namna hii zinaletwa dukani, hapa Morogoro, kila msimu wa projekti, na nyingi zinafika zikiwa zimeshaharibiwa zaidi na ushauri wa "piga upya". Kupiga upya kunafuta kazi zako, kunakula bando, na ukimaliza unarudia kosa lilelile kwa sababu hukujua lilikuwa nini.

Sasa tuseme unaanza kabisa, mashine haina Java. Swali la kwanza tunalomuuliza mteja ni "mwalimu wako anatumia ipi?" Toleo la 17 lilitoka Septemba 2021, la 21 likatoka Septemba 2023, na yote mawili ni ya kupewa masasisho kwa miaka. Ukiiachia Ubuntu ichague yenyewe kwa jina la default-jdk, Ubuntu 22.04 itakupa Java 11 na Ubuntu 24.04 itakupa 21. Kwa hiyo wewe na mwenzako mnaweza kuandika amri ileile herufi kwa herufi mkapata Java tofauti. Sisi tunaitaja namba wazi, tukitumia apt, programu ya Ubuntu ya kusakinisha:

sudo apt update
sudo apt install openjdk-17-jdk

Angalia mwisho wa jina: jdk, si jre. JRE inaendesha tu, haiandiki. Mteja akituambia "java ipo lakini javac haipatikani", tisa kwa kumi aliweka jre. Hakuna cha kufuta, ongeza jdk juu yake.

Wapo wanaokuja wanadai "Java ya Oracle, si hiyo ya bure". Kwa mwanafunzi na kwa ofisi ndogo, OpenJDK inatosha, msimbo wake ndio huohuo Oracle wanaoujengea ya kwao. Na kama mwongozo unaoufuata unakuambia uweke oracle-java8-installer, uache hapohapo. Njia hiyo ilikufa Aprili 2019 Oracle walipobadilisha leseni, ila kurasa zinazoielekeza bado zipo mtandaoni, zinaendelea kupoteza watu. Kuna na dada mmoja alikuja na faili la .exe kwenye flashi, analibofya halifunguki. Hilo ni la Windows. Hatukumcheka, au tulicheka kidogo baada ya yeye kucheka.

Wakati mwingine hata apt yenyewe inakataa. Ikikuambia imeshindwa kupata lock ya dpkg (kufuli inayozuia wawili wasisakinishe kwa wakati mmoja), maana yake kuna masasisho yanaendelea nyuma ya pazia, hasa kama ndiyo umewasha mashine. Nenda kanywe chai urudi. Usifute lile faili la lock kama baadhi ya miongozo inavyoshauri. Ukilifuta katikati ya kazi ndiyo unatuletea mashine ambayo kweli inahitaji fundi.

Iliyotusumbua zaidi ilikuwa kompyuta ya mezani ya ofisi fulani, kila tukiandika apt update inasema:

Release file for ... is not valid yet

Tulibadilisha seva za kupakulia, tukabadilisha modemu, tukamlaumu mwenye mtandao. Saa nzima. Mwishowe mwenzangu akatazama kona ya skrini: saa ya mashine ilikuwa nyuma wiki mbili. Apt ilikuwa inaona orodha iliyosainiwa "kesho kutwa huko", ikaikataa, na ilikuwa na haki. Kwa kawaida Ubuntu hujirekebishia saa ikipata intaneti, ila baadhi ya mitandao ya ofisi na hosteli huzuia njia hiyo. Tukaweka saa kwa mkono kwenye mipangilio, apt ikapita. Kisha tukafungua kasha, tukatoa betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu, iliyokuwa imekufa, tukaweka mpya. Tangu siku hiyo kabla ya kugusa chochote tunatazama saa.

Kuhusu bando. JDK na wenzake ni zaidi ya MB 100, na darasa la watu kumi likipakua kila mtu kivyake ni gigabaiti imeondoka. Fanyeni hivi: kwenye mashine moja pakueni bila kusakinisha,

sudo apt-get install --download-only openjdk-17-jdk

kisha mafaili ya .deb mtayakuta /var/cache/apt/archives. Nimeandika apt-get kwa makusudi, kwa sababu apt ya kawaida ikishasakinisha huyafuta mafaili hayo, wakati apt-get huyaacha. Yahamishie kwenye flashi, peleka mashine ya pili, ingia kwenye folda hiyo na uandike:

sudo apt install ./*.deb

Mashine zote ziwe Ubuntu ya toleo moja. Na anzieni kwenye iliyo tupu kuliko zote, kwa sababu iliyokwisha kuwa na baadhi ya vitu haitavipakua, na mashine ya pili itavidai.

Nije kwenye kosa langu mwenyewe. Mwaka ule naanza kazi hii nilifuata mwongozo uliosema baada ya kuweka JDK lazima uongeze PATH, ile orodha ya folda ambamo mashine hutafuta programu. Nikafungua /etc/environment kwenye laptopu ya mteja, nikaandika njia ya folda ya Java halafu mbele yake :$PATH, nikahifadhi, nikawasha upya. Skrini ya kuingilia ikaja. Nikaandika nywila, skrini ikawa nyeusi, ikarudi palepale. Tena. Tena. Mwenye laptopu amekaa kwenye benchi anakula karanga, ananiangalia.

Faili hilo si skripti. Ukiandika $PATH humo, mfumo unayachukua kama maandishi matupu, haubadilishi kitu. Kwa hiyo nilikuwa nimeiambia mashine kwamba programu zote duniani ziko ndani ya folda moja ya Java, na kila kingine ikakikosa. Ukikutwa na hili, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, utapata skrini nyeusi ya maandishi, ingia kwa jina na nywila yako, kisha andika kwa anwani kamili:

/usr/bin/sudo /usr/bin/nano /etc/environment

Ondoa ulichoongeza, hifadhi, washa upya. Kilichoniuma baadaye ni kugundua kwamba hata sikuhitaji. JDK ikiwekwa kwa apt, kiungo cha /usr/bin/java kinajitengeneza chenyewe, PATH haiguswi. Ushauri ule ulitoka kwenye mafunzo ya Windows ukabebwa mzimamzima.

JAVA_HOME, jina linaloiambia mashine folda ya Java iko wapi, ni habari nyingine, hiyo Maven na Gradle (zana za kujenga projekti) huitazama, na mara nyingi huifuata hiyo hata kama java ya terminali inajibu namba nyingine. Ndiyo maana unaweza kurekebisha java na javac na bado Gradle ikalalamika kwamba inataka Java 17 na wewe unatumia 11. Weka mstari huu mwishoni mwa faili la .profile lililo kwenye folda yako ya nyumbani:

export JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64

Unaishia kwenye folda kuu. Usiongeze /bin, wala usiandike /usr/bin/java. Halafu toka kwenye akaunti yako uingie tena. Tunaweka .profile badala ya .bashrc kwa sababu programu unazofungua kwa kubofya ikoni hazisomi .bashrc, na mteja anabaki anashangaa kwa nini terminali inaona na kihariri hakioni. Wa Android Studio, ile ya kutengenezea programu za simu, nao wajue kwamba ile imekuja na Java yake tumboni, kwa hiyo mradi unaweza kuwaka humo ndani na kugoma ukiuendesha kwa ./gradlew kwenye terminali. Fundi hajakuibia kitu, ni Java mbili tena.

Kabla ya kufunga safari kuja dukani, tutumie picha ya majibu ya hizi nne kwenye WhatsApp:

java -version
javac -version
update-java-alternatives --list
echo $JAVA_HOME

Mara nyingi tunamaliza hapohapo kwenye ujumbe, na hiyo hatutozi. Ukija mwenyewe, kuangalia ni bure, kusakinisha na kupanga ni shilingi 10,000, na kama ni darasa zima tunakuja na flashi yetu ili bando lenu libaki. Nywila ya mashine utaiandika mwenyewe, sisi tutageuka. Njoo na projekti yako ndani ya laptopu, tuijaribu ukiwa umekaa hapo, maana Java inayojibu namba sahihi na projekti inayowaka ni vitu viwili.

Na njoo na chaja. Ya kichwa chembamba tunayo moja tu, na muda mwingi kuna mtu ameshaichomeka.