YAH: Malalamiko kuhusu msumeno wa diski nilioununua kwenu kwa ajili ya kukatia shafti nene

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampala.

Ndugu Meneja,

Salamu kutoka Tororo. Mimi ni fundi wa mashine za kusaga, na karakana yangu iko nyumbani, kwenye umeme wa fezi moja. Kazi yangu kubwa ni kutengeneza shafti za mashine za posho, yaani chuma kizima cha duara cha milimita 50 hadi 80. Nilipokuja dukani kwenu nilibeba kipande cha shafti. Muuzaji wenu alikishika mwenyewe, nikamweleza kwamba natafuta msumeno wa kukatia chuma cha unene ule. Akanichagulia wa diski ya jiwe ya milimita 355, akanionyesha kwenye boksi kwamba unakata duara la milimita 100. Nikalipa shilingi 850,000; nakala ya risiti nimeiambatisha.

Kipimo kile ni cha bomba, na anayeuza mashine hizi anapaswa kulijua hilo. Bomba lina ukuta mwembamba, diski inagusa chuma kidogo tu kwa wakati mmoja. Kwenye chuma kizima inagusa upana wote, inasugua badala ya kukata, na joto linabaki humo humo. Nilipoweka shafti ya milimita 75, haikufika katikati kabla mota haijaanza kunuka waya zinazoungua. Ilibidi kuzima, kungoja ipoe, kuendelea, kuzima tena, huku diski ikiisha mbele ya macho.

Lakini kilichoniuma zaidi ni chuma chenyewe. Shafti hizi zina kaboni ya karibu asilimia 0.4. Chuma cha aina hiyo kikiiva kwa moto kisha kikapozwa ghafla na ubaridi wa chuma kilichokizunguka, kinakomaa, yaani kinakuwa kigumu. Uso uliokatwa ulitoka wa buluu, kahawia pembeni, na ukingo umejikunja. Nilipoufunga kwenye mashine ya kukereza ili nitoboe senta, yaani kitundu cha katikati, biti ililia, ikateleza, ikakatika ncha. Kipande cha mteja kikaharibika, na mashine yake ya posho ikaendelea kusimama wakati watu wana mahindi ya kusaga.

Nikapiga simu. Fundi wenu akaniambia nitoe diski ya jiwe, nifunge ya meno yenye upana uleule. Hili naomba mlichukulie kwa uzito. Mashine mliyoniuzia inazunguka mara 3,800 kwa dakika, ilhali misumeno ya meno ya kukatia chuma, ya ukubwa huo, huzunguka kama mara 1,300. Kwa mwendo ule meno yanaweza kung'oka na kumrukia mtu usoni. Sikufunga, ila mteja mwingine anaweza kumwamini.

Msumeno ulionifaa mlikuwa nao pale pale: ule mdogo wa mkanda, wa kulala, unaokata duara la zaidi ya milimita 100. Mkanda wake hutembea mita 20 hadi 50 kwa dakika, wakati ukingo wa diski yangu unapita mita 4,000. Mota yake ni ndogo kuliko hii, lakini meno yanatoa vipande vya chuma badala ya kuviunguza. Ukifunga mkanda wa meno makubwa, 6 hadi 10 kwa inchi, na kupunguza mwendo, unashuka wenyewe taratibu na chuma kinabaki laini kwa kukereza. Fundi akiendelea na kazi nyingine, wenyewe unakata.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, akamtegemea ujuzi wake. Mimi nilieleza, tena nikiwa na chuma mkononi.

Kwa hiyo naomba mchukue msumeno huu mnipe ule wa mkanda, nami nitaongeza tofauti ya bei. Au mnirudishie fedha zangu zote. Usafiri kati ya Tororo na Kampala uwe juu yenu. Pia mwandike wazi dukani kwamba kipimo cha kwenye boksi ni cha bomba.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nikikosa, nitapeleka dai hili mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, unaopokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10.

Wenu,
Fundi wa mashine za kusaga,
Tororo.