Punda Wangu na Benki Yako

Amu, kisiwani Lamu, Alhamisi usiku

Kwako swahibu Omari,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata kwa mkono wa shemeji, nikafanya kosa la kuisoma kwa sauti barazani. Nilipofika pale ulipoandika kuwa "nimezika akiba yangu tumboni mwa punda", kicheko kilisikika mpaka gatini. Sawa. Mtu aliyekaa nyuma ya kioo cha benki miaka kumi na moja ana haki ya kunicheka. Lakini ukaniongezea na darasa: eti benki ni akili ya Wataliano, ile ya Siena, Monte dei Paschi, ipo tangu 1472, na punda ni mnyama wa kubebea mchanga basi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nianze na Siena yako. Unajua maana ya hilo neno Paschi? Machunga. Mwaka 1624, ili watu waamini kuwa amana zao ziko salama, dhamana iliyowekwa ilikuwa mapato ya machunga ya serikali huko Maremma. Benki yako kongwe ilisimama juu ya majani ya mifugo, bwana. Lakini tuyaache ya Italia, hayo ni ya juzi.

Punda ni wetu. Sisemi wa Amu, nasema wa bara hili. Wataalamu waliopima vinasaba vya punda wa sehemu nyingi za dunia walitoa matokeo mwaka 2022: wote asili yao ni moja, walianza kufugwa Afrika, upande huu wa mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Jamaa zao wa porini wamebaki wachache huko Eritrea na Ethiopia, wa kijivu, miguu ina milia utadhani wamevaa soksi. Na kule Abydos, Misri, penye majengo ya maziko ya wafalme wa kale kabisa, wachimbuzi walikuta punda 10 wamelazwa kwenye makaburi ya matofali, mifupa yao bado ina alama za mizigo. Sisi Amu tumemfungulia hospitali yake tangu 1987, lakini kumzika na wafalme, bado hatujafika.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kazi yako inapokutana na yangu. Karibu miaka 3,900 iliyopita palikuwa na mji unaitwa Assur, kando ya mto Tigris, Iraki ya leo. Wafanyabiashara wake walikuwa wakipakia punda bati, lile la kuchanganya na shaba, pamoja na vitambaa vya sufu, wanawapeleka hadi Kanesh, ndani ya Uturuki ya sasa. Safari ya kilomita 1,000 hivi, wiki sita kwa miguu. Punda mmoja alibeba bati kama kilo 65, limetiwa lakiri ili msafiri asichomoe njiani. Wakifika wanauza bati, wanauza vitambaa, na punda wengi wanauzwa pia, kwa sababu mzigo wa kurudi ni fedha na dhahabu, hauhitaji migongo mingi. Fedha yenyewe, Omari, ile ya kupima kwenye mizani. Sisi limetubakia neno tu.

Nimeyajuaje? Waliandika kila kitu juu ya vibao vya udongo, na zaidi ya 20,000 vimefukuliwa Kanesh. Mikopo, ushuru, magendo ya kupita njia za panya, punda aliyefia njiani kaingizwa kwenye matumizi. Ungewapenda. Riba yao wenyewe kwa wenyewe ilikuwa asilimia 30 kwa mwaka, kwa hiyo usinisimulie tena habari ya viwango vyenu.

Lakini kilichonishika hasa ni kitu walichokiita naruqqum, yaani mkoba. Watu kadhaa wanatia dhahabu katika mkoba wa mfanyabiashara mmoja, naye anaizungusha kwa miaka. Upo mkataba wa bwana mmoja, Amur-Ishtar: watu 14, dhahabu mina 30, ambayo ni kama kilo 15, muda miaka 12. Theluthi ya faida ni yake. Anayetaka kutoka kabla ya muda anarudishiwa fedha mara nne tu ya uzito wa dhahabu yake, na faida haioni. Nilipomsomea mwalimu wa madrasa alitikisa kichwa akasema, "Hii si mudharaba hii?" Inakaribia sana: ule ushirika wa Kiislamu, mmoja anatoa mali, mwingine anaifanyia biashara, faida wanagawana. Na mkoba wote huo ulitembea juu ya mgongo wa punda.

Halafu kuna mama mmoja, Lamassi, aliyebaki Assur akifuma vitambaa vya kupelekwa na msafara. Mumewe Pushu-ken yuko Kanesh. Mama anamwandikia mumewe: tangu uondoke, Shalim-ahum ameshajenga nyumba mbili, sisi lini? Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa kuwa mke wangu aliniuliza hivyo hivyo Jumatatu.

Sikudanganyi kwamba punda hana hasara. Mwaka jana mmoja alikula mifuko ya plastiki jalalani, tukamzika, na hakuna bima iliyonilipa. Kwa siku mbili nilikumbuka kioo chako. Lakini waliobaki ni wanne, nyumba za mawe zinajengwa kila mtaa, mchanga na saruji havipandi vichochoro vyetu kwa gari, na yule jike mwekundu ana mimba. Mimba ya punda ni mwaka mzima, kwa hiyo kama ni riba, inakuja taratibu.

Nina shauri. Nahitaji sogi mbili mpya na dawa ya minyoo. Tia chochote katika mkoba wangu kwa masharti ya Amur-Ishtar: theluthi yangu, iliyobaki yako, miaka 12. Ukitoka mapema, nitakulipa nitakavyo.

Nijibu, na juu ya bahasha uandike: isisomwe barazani.

Wasalaam,
Swahibu yako wa punda wanne na nusu